Nani Anapokea Kodi, Nani Anamlipa Fundi? Majibu kuhusu Miji Inayochakaa

Barua za mwezi huu nyingi zinatoka miji ya zamani ya pwani, na karibu zote zinalia kilio kimoja: nyumba zinabomoka, mifereji imeziba, wenye nguvu wamehama. Zinazofanana tumezijibu pamoja. Ile ya ukuta unaotota tumeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu kosa linaloelezwa humo linafanyika kila siku na linaharibu nyumba nzima.

*Asalaam aleikum. Wazee wetu husema Tanga ilikuwa ya pili kwa ukubwa baada ya Dar es Salaam. Leo katikati ya mji kuna maghala yaliyofungwa na maghorofa yaliyoota majani juu. Kuna wanaosema ni uvivu wa watu wa Tanga. Kilitokea nini hasa, na sisi wakazi tunaweza kufanya nini?*
— Mkazi wa Ngamiani, Tanga

Waaleikum salaam. Uvivu uwekeni kando. Tanga ilisimama juu ya zao moja. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na reli ikaanza kujengwa kutoka Tanga mwaka huohuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, na kuanzia katikati ya miaka hiyo bei ikaporomoka. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa bei ikiwa tayari imeanguka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa karibu na tani 20,000 tu. Hesabu mapato ya mchukuzi, karani wa forodha, fundi cherehani na mama ntilie yaliyokuwa nyuma ya kila tani iliyokosekana bandarini.

Lakini kukosa zao peke yake hakuangushi paa. Pigo la pili lilikuja mwaka 1971, sheria ilipochukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali. Wenye nyumba wengi waliondoka nchini. Kodi zilikuwa ndogo kuliko gharama za matengenezo, na mwaka 1990 majengo hayo yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa yakiwa yameshachoka. Hili ndilo swali tutakalolirudia katika majibu mengine: ukiona jengo linaoza, uliza nani anapokea kodi na nani anapaswa kumlipa fundi. Wakiwa ni watu wawili tofauti, au wakiwa hawajulikani, ugonjwa umeshaupata.

Sasa mambo yamegeuka kidogo. Treni ya mizigo kati ya Tanga na Moshi ilirudi mwaka 2019. Bandari iliyokuwa ikishusha mizigo kwa matishari kutoka meli zilizotia nanga mbali imechimbwa kina ili meli zifunge gatini. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapo Tanga. Fedha inaweza kuja mjini, na inaweza pia kupita pembeni. Ili isipite, anzeni na orodha.

Watu wawili wachukue eneo lililozungukwa na barabara nne. Kwa kila jengo waandike: mtaa, namba ya kiwanja na kitalu, idadi ya ghorofa, ghorofa zipi zina watu, hali ya paa, na anayekuja kuchukua kodi. Piga picha ya mbele na ya paa. Jioni moja inatosha kwa majengo ishirini. Kisha chagueni majengo matano mabaya zaidi, mwende ofisi ya ardhi mkafanye upekuzi wa hati ili mjue jina la mmiliki. Upekuzi unalipiwa, ndiyo maana tunasema matano.

Barua yenu kwa mmiliki, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa jiji, iombe jambo moja linaloweza kukaguliwa. "Tunaomba jengo liendelezwe" ni maneno ya kufungiwa jalada. "Bati la upande wa kaskazini lipigwe kabla ya masika, na milango ya chini ifungwe" ni ombi ambalo afisa anaweza kulifuatilia kwa macho. Jengo likiwa la hatari, halmashauri ina mamlaka ya kumwamuru mmiliki aondoe hatari hiyo, nanyi mkumbushe kwa maandishi. Wapi kamati za namna hii huharibika? Mara nyingi ni pale zinapochangisha fedha kabla ya kuwa na orodha. Wiki ya tatu watu wanaanza kuuliza pesa ziko wapi, na kazi inafia hapo.

*Nyumba yetu ipo Mkunazini, ghorofa mbili, ya mawe na chokaa. Mwaka juzi fundi alipiga lipu ya saruji chumba cha chini kwa sababu ukuta ulikuwa unamomonyoka. Sasa umetota hadi usawa wa kifua, lipu inavimba na kuanguka na mawe yake, na boriti mbili za dari zinaliwa. Fundi anashauri tuongeze saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Tufanyeje?*
— Familia moja, Mji Mkongwe, Zanzibar

Msiongeze. Saruji ndiyo iliyopandisha unyevu.

Ukuta wa matumbawe na chokaa, wenye unene wa nusu mita au zaidi, hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta. Hilo waliojenga walilijua. Lipu ya chokaa huyaacha maji yatoke kama mvuke, na ukuta unabaki mkavu kuanzia usawa wa goti kwenda juu. Saruji hufunga mlango huo. Maji yakikosa pa kutokea hupanda, na chumvi iliyomo huganda nyuma ya lipu. Fuwele za chumvi zinapokua husukuma lipu nje, na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko jiwe, inaondoka na ngozi ya jiwe. Saruji yenye dawa ya kuzuia maji itafanya hayohayo, ila juu zaidi, hadi kwenye vichwa vya boriti.

Kazi ianzie kwenye maji. Wakati wa mvua kubwa simameni nje mtazame: mlizamu wa paa unamwaga ukutani? Bomba la choo linavuja kwenye kiungo? Tangi la juu linafurika? Maji ya kiyoyozi yanadondokea msingi? Mtaa ulipopandishwa kwa zege, je, sasa uko juu kuliko sakafu yenu? Mkipiga lipu kabla ya kumaliza haya, fedha imetupwa.

Halafu toeni saruji yote chumba kizima, kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kuvunjia haifai, mtikisiko wake unalegeza chokaa iliyoko katikati ya ukuta. Piga kwa kifundo cha kidole. Panapolia utupu pataanza kutoka. Kwanguweni viungo kati ya mawe kwa kina cha sentimita 2, pigeni brashi kavu kuondoa chumvi, na kila inapochipuka tena ifagieni na kuipeleka nje. Msiioshe kwa maji, itarudi ndani. Ukuta mnene hivi hukauka kwa miezi, si kwa wiki. Uacheni uchi walau msimu mmoja wa kiangazi, madirisha yakiwa wazi.

Chokaa: ikiwa ni chokaa hai kutoka tanuru, tieni chokaa kwenye maji, msitie maji kwenye chokaa. Inachemka na kurusha, kwa hiyo macho yafunikwe kwa miwani na watoto wasiwepo. Ikae chini ya maji walau miezi mitatu ili iwe laini kama samli iliyoganda. Chokaa ya mfuko iloweke angalau siku nzima. Ni dhaifu kidogo lakini inafaa. Mchanganyiko ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Mchanga uwe wa kuchimbwa, wenye chembe kali, uliooshwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na mtakuwa mmejirudishia adui wenyewe.

Lowesheni ukuta kabla ya kupiga. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la lipu, ujaze viungo. Mkono wa pili na wa tatu usizidi milimita 10 kila mmoja, na uchanwe mistari ukiwa bado mbichi ili unaofuata ushike. Kati ya mkono na mkono ipite wiki moja au zaidi, ukuta ukifunikwa kwa magunia yenye unyevu. Lipu ya chokaa ikikaushwa haraka na jua au upepo hupasuka na kugeuka unga, na hapo ndipo mafundi wengi hukata tamaa wakasema chokaa ya siku hizi haishiki. Rangi iwe chokaa iliyozimuliwa kama maziwa, mikono minne au mitano myembamba. Rangi ya plastiki hufunga ukuta kama saruji ilivyofanya.

Boriti sasa. Nyingi huoza kichwani, pale zilipozikwa ukutani. Dungeni kwa bisibisi: ikizama zaidi ya sentimita 2 bila nguvu, hiyo imekwisha. Kabla ya kugusa chochote, wekeni nguzo za muda zenye ubao juu na chini, na nguzo za ghorofa ya juu zisimame wima juu ya zile za chini, la sivyo mnahamishia uzito katikati ya sakafu nyingine. Badilisheni boriti moja moja. Atakayewashauri mmwage zege juu ya sakafu ya zamani, mwambieni kwamba zege la unene wa sentimita 10 lina uzito wa takriban kilo 250 kwa kila mita ya mraba, na mzigo wote huo utaning'inia juu ya boriti hizohizo.

Penye ufa, chora mstari wa penseli kwenye ncha zake zote mbili na uandike tarehe. Ufa ukivuka mstari huo katika masika moja, au ukuta ukitoa tumbo, hameni chumba hicho mkaite mhandisi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilianguka ikiwa kwenye ukarabati na watu wawili wakafa. Jumba kubwa lenye wataalamu ndani lilifanya hivyo. Nyumba ya mtu binafsi haina kinga zaidi.

Kabla ya yote hayo, nendeni kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, mkachukue kibali. Mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na fundi asiye na kibali husimamishwa katikati ya kazi, ukuta ukiwa uchi na mvua inakuja.

*Baba alituachia nyumba mjini. Tupo warithi tisa, wengine Dar, mmoja Muscat. Kaka mkubwa anapokea kodi ya maduka ya chini, lakini bati likitoboka anasema tuchange sote. Hakuna anayechanga. Tufanye nini bila kuvunja undugu?*
— Binti wa marehemu, Tanga

Swali letu la kwanza limerudi: anayepokea na anayelipa ni watu tofauti. Nyumba za namna hii ni nyingi kuliko nyumba zilizotelekezwa na serikali, na watu hawapendi kulisema.

Kama mirathi haijafunguliwa, kaka yako hana mamlaka ya kisheria ya kupangisha wala ninyi hamna mtu wa kumdai hesabu. Itisheni kikao cha familia, muandike muhtasari wenye sahihi za waliohudhuria na jina la mnayempendekeza awe msimamizi wa mirathi, mwende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo. Aliye Muscat atume ridhaa yake kwa maandishi. Msimamizi akishateuliwa anatakiwa ndani ya miezi minne kuwasilisha mahakamani orodha ya mali na madeni kwa Fomu Namba 5, kisha hesabu za mapato na matumizi kwa Fomu Namba 6. Wengi huishia kwenye uteuzi na kusahau fomu hizo mbili. Ndizo zenye meno. Zanzibar, mirathi ya Waislamu hupitia Mahakama ya Kadhi, na nyumba ikiwa ni wakfu, mlango ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Mkiamua kutouza, andikeni makubaliano mafupi: kodi yote iingie akaunti moja yenye watia sahihi wawili, sehemu fulani, tuseme robo, ibaki kwa ajili ya paa na mabomba, kilichobaki ndicho kigawanywe kwa mafungu ya mirathi. Matengenezo yakatwe kabla ya mgao, si baada yake. Mtu akishapokea fungu lake, kumrudisha achange ni kazi ya kuchosha hata kwa ndugu wanaopendana.

*Mtaa wetu Mji wa Kale unafurika kila masika. Vijana husafisha mfereji, baada ya wiki mbili umejaa tena. Taa za vichochoroni zimekufa. Kaunti tunaiandikia, haijibu.*
— Kikundi cha vijana, Mombasa

Huenda mnaanzia juu. Mfereji husafishwa kuanzia mwisho wake, pale maji yanapotokea, mkirudi nyuma kuelekea mwanzo. Mkianzia juu, matope yote yanateremka kwenye shingo ya chini na maji yanarudi kwenu. Kosa la pili ni kuacha tope kando ya mfereji likauke. Mvua ya kwanza hulirudisha lote. Liondoke siku hiyohiyo.

Kwa hiyo fanyeni hesabu kabla ya kushika beleshi. Mfereji wa mita 50, upana sentimita 40, ukiwa na tope la sentimita 20, unatoa mita za ujazo 4. Toroli hubeba lita 60 hivi, basi ni safari karibu 67, na tope likiwa limelowa lina uzito wa tani 6 au 7. Kwa hiyo lori liwe limekubaliwa na limefika kabla hamjaanza, au mfanye mita 15 kwa siku. Mambuti na glavu nene ni lazima, kwani humo mna chupa na sindano. Mkishamaliza wekeni wavu wa nondo kwenye mdomo wa kalvati, nafasi kati ya nondo sentimita 5, na mteue nyumba mbili za karibu za kuukwangua baada ya kila mvua. Wavu bila mtu wa kuukwangua ni ukuta mpya wa kuzuia maji.

Kuhusu kaunti, tatizo huenda ni tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti tarehe 30 Aprili. Barua ya Mei kuhusu taa inakuta fedha zimeshagawanywa. Pelekeni ombi lenu Julai kwa mwakilishi wa wadi na kwa idara husika: taa ngapi, namba ya kila nguzo, ramani ya mkono. Mkitaka kujua mkandarasi wa taa ni nani na analipwa kiasi gani, andikeni mkitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na ikinyamaza mnaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala.

*Nasikia hata Marekani kuna miji iliyokufa kama Detroit. Kama wao wenye pesa walishindwa, sisi tutaweza?*
— Msomaji, Dodoma

Detroit ilikuwa na watu takriban 1,850,000 mwaka 1950. Mwaka 2020 walikuwa 639,000 hivi. Viwanda vya magari vilihamia vitongojini na kwingineko, barabara kuu mpya zikawarahisishia wenye kipato kuhama, na Wazungu wengi waliondoka wasitake kuishi jirani na weusi. Walipa kodi walipungua, lakini mabomba ya maji, taa na barabara vilibaki urefu uleule. Julai 2013 jiji likaomba kutangazwa kufilisika, huku taa takriban 4 kati ya 10 za barabarani zikiwa hazifanyi kazi.

Kilichosaidia kiasi ni mambo madogo yanayoonekana. Taa mpya zipatazo 65,000 ziliwekwa hadi mwisho wa 2016. Viwanja vitupu vilivyomilikiwa na jiji viliuzwa kwa jirani wa nyumba ya pembeni kwa dola 100, naye akapata bustani na sababu ya kufyeka. Makadirio ya mwaka 2023 yalionyesha idadi ya watu imeongezeka kwa mara ya kwanza tangu 1957. Miji yetu ina tofauti moja kubwa: watu hawapungui. Tunabomokewa mji ukiwa umejaa, na hilo linarudisha lawama kwenye umiliki na matengenezo, si kwenye kukosa watu.

*Mzungu anataka kununua nyumba yetu ya mawe Lamu aifanye hoteli. Bei ni nzuri. Tuuze?*
— Jina limehifadhiwa

Hilo ni lenu kuamua. Ila kabla ya kuuza fikirieni kukodisha kwa miaka 15 kwa mkataba uliosajiliwa, mkiandika: matengenezo yote juu ya mpangaji, kwa chokaa na boriti, orodha na picha za milango, madaka na nakshi zilizopo, hakuna kuongeza ghorofa, nyumba irudi kwenu katika hali iliyotajwa. Utalii hutengeneza kuta vizuri. Mtaa wenye hoteli tupu miezi minne kwa mwaka, bila watoto wa chuoni wala muuza mahamri, ni mtaa uliopungukiwa hata kama kuta zake ni nyeupe.

*Mtini umeota kwenye ukuta wa ghorofani. Tuung'oe?*
— Msomaji, Bagamoyo

Ukiung'oa utatoka na mawe. Kata shina karibu kabisa na ukuta, toboa kisiki mashimo mawili au matatu ya kina cha sentimita 3, tia dawa ya kuulia magugu isiyozimuliwa sana ndani ya dakika chache kabla utomvu haujaganda, kisha funika kwa nailoni. Ukichipua, rudia. Mizizi ikishakauka, baada ya miezi kadhaa, toa ile inayotoka kwa mkono na ujaze matundu kwa chokaa na vipande vya mawe. Inayokataa kutoka iache humohumo.